Sumu haina macho



Juma hili nimeazimia kuzungumzia vitu ambavyo wengi wetu tunavipita kila siku pale uani bila kuvigeuzia shingo. Navyo ni chupa, makopo na vifuko vya dawa za bustani: dawa ya kuua wadudu wa mchicha, chenga za kuulia konokono, chambo cha panya, na mbolea ya kukuzia maua. Hivi vyote tunaviita "dawa". Jina hilo ni zuri, lakini linaficha mambo. Kwa mbwa anayelinda geti, kwa paka anayelala barazani, na kwa kuku anayeparura chini ya mchungwa, nyingi kati ya dawa hizo ni sumu, tena sumu kali.

Nimepokea barua na simu za wasikilizaji wanaoleta malalamiko ya aina moja. Mbwa alikuwa mzima jioni, asubuhi amekutwa amekauka kando ya ukuta. Mmoja anamshuku jirani. Mwingine anashuku wezi. Wa tatu ameshamtafuta mganga. Wachache sana wanaojiuliza swali rahisi kuliko yote: jana nilinyunyiza nini bustanini?

Hoja yangu leo ni moja. Historia ya dawa za bustani ni historia ya sumu iliyotengenezwa kwa ajili ya mdudu au panya, ikaishia tumboni mwa asiyekusudiwa. Na mara nyingi aliyetangulia kuumia alikuwa mnyama, yule anayelala chini, anayenusa kila kitu na kulamba miguu yake. Alikufa mbele ya macho ya watu, nao hawakuelewa kwamba alikuwa anawaonya. Tukiifuata historia hiyo hatua kwa hatua, tutajua pia ni nani anayefuata nyuma ya mnyama katika foleni.

Enzi ya aseniki

Tuanze na karne ya 19. Katika miji ya Uingereza ya wakati huo, aseniki iliuzwa dukani kama sisi tunavyonunua chumvi. Ni unga mweupe usio na harufu. Ukiuweka kando ya sukari iliyosagwa, macho hayawezi kutofautisha. Watu walinunua kwa ajili ya panya, lakini wapo waliowawekea waume zao, na wapo waliopika kwa bahati mbaya. Mwaka 1851 Bunge la Uingereza likapitisha sheria: muuzaji aandike kwenye daftari jina la mnunuzi, na aseniki inayouzwa kwa kiasi kidogo ichanganywe na masizi au nili, ili rangi yenyewe imwonye mtu.

Hata hivyo, sheria peke yake haikutosha. Mwaka 1858, katika mji wa Bradford, mtengeneza pipi aliagiza unga wa jasi, ambao wafanyabiashara wa siku hizo walikuwa wakiuchanganya na sukari ili kupunguza gharama. Msaidizi wa muuza dawa akachota kutoka pipa lisilo lenyewe. Ilikuwa aseniki. Watu wapatao 20 walikufa na zaidi ya 200 waliugua. Nawaomba mlikumbuke pipa hilo la Bradford, maana tutalirudia kabla sijamaliza.

Wakati huo huo aseniki ilikuwa inaelekea bustanini. Katika miaka ya 1860 wakulima wa Marekani walivamiwa na mdudu mla viazi, wakaona rangi moja ya kijani iliyotumika kupaka kuta, iliyotengenezwa kwa shaba na aseniki, inamuua. Mwaka 1892, katika jimbo la Massachusetts, ikatengenezwa dawa nyingine ya risasi na aseniki kwa ajili ya nondo waliokuwa wakimaliza majani ya miti. Kwa zaidi ya nusu karne dawa hiyo ilipuliziwa mitofaa. Risasi na aseniki ni madini, na madini hayaozi. Katika mashamba mengi ya zamani ya matofaa huko Marekani udongo una sumu hiyo mpaka leo, ingawa waliopulizia wamekwisha kuwa wazee au marehemu.

Na kulikuwa na strikinini. Sumu hii ilitolewa katika mbegu za mti wa Asia na wanakemia wawili wa Kifaransa, Pelletier na Caventou, mwaka 1818. Watu waliitia ndani ya nyama au minyoo kuwatega wanyama waharibifu. Kule Uingereza iliruhusiwa dhidi ya fuko wanaofukua bustani hadi mwaka 2006. Mbwa akila chambo hicho misuli yake yote hukakamaa kwa pamoja, na hufa akiwa na fahamu zake. Chambo ni chakula chenye sumu, na kwa pua ya mbwa hakuna chakula kilichoandikwa jina la fuko.

Ua la pareto na kosa la paka

Katikati ya sumu hizo za kutisha kulikuwa na ua. Wakazi wa pwani ya Dalmatia, katika nchi inayoitwa leo Kroatia, walijua kwamba ua fulani jeupe likikaushwa na kusagwa linaua viroboto na kunguni. Ua hilo ndilo tunaloliita pareto. Lililetwa Kenya mwaka 1928, likapenda baridi ya nyanda za juu, na wakati wa Vita Kuu ya Pili, Japani ilipokuwa upande wa adui, Kenya ikawa tegemeo la dunia kwa zao hilo. Wazee wa Molo na Nakuru wanaikumbuka fedha ya pareto, na upande wetu wa Tanzania linalimwa Iringa, Njombe na Mbeya.

Sifa ya pareto ni kwamba humpiga mdudu upesi, lakini jua likiichoma huisha nguvu. Kwa mwenye wanyama hiyo ni neema. Kwa mkulima ni hasara, kwani anapaswa kupulizia tena na tena. Basi wanasayansi wakatafuta namna ya kutengeneza pareto ya kiwandani isiyoogopa jua. Aliyefanikiwa ni Michael Elliott na wenzake katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza. Mwaka 1973 wakatangaza permethrini.

Permethrini imeokoa maisha ya watu wengi, na kemikali za ukoo wake ndizo zilizotiwa katika vyandarua vyetu. Sitaki mtu asikie maneno yangu akakitupa chandarua chake, kwani kiasi kilichomo kwenye nyuzi si sawa na unga au dawa ya maji iliyomwagwa bustanini. Ila kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi dukani. Mbwa akipakwa dawa ya viroboto yenye permethrini, ini lake huivunja na kuitoa. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kufanya kazi hiyo. Kiasi ambacho mbwa hukichukulia kama tone la mvua, paka hukilipia kwa roho yake. Hutetemeka, hutokwa mate, hupatwa na degedege.

Kosa la paka ni usafi wake. Akipita kwenye ua lililopuliziwa, au akilala juu ya udongo ulionyunyizwa unga, hatakula kitu. Atakwenda zake kivulini, akae, aanze kujilamba manyoya. Kila anachokilamba kinaingia tumboni.

DDT na paka waliotoka angani

Usafi huo huo wa paka ulimponza kwa dawa nyingine maarufu. DDT ilitengenezwa na mwanakemia Othmar Zeidler mwaka 1874, ikakaa kabatini bila kazi. Mwaka 1939 Paul Müller, wa kampuni ya Geigy kule Basel, Uswisi, akagundua kwamba inaua wadudu. Mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Baada ya vita dawa hiyo ikamwagwa kila mahali, katika kambi, mashamba, majumbani na bustanini. Matangazo ya biashara ya siku hizo yaliisifu kuwa ni salama kwa kila mtu.

Katika nchi kadhaa ambako nyumba zilipuliziwa DDT kupambana na malaria, wanavijiji wakaona paka wao wanakufa. Walitembea sakafuni, wakajisugua ukutani, wakajilamba. Paka walipopungua, panya wakaongezeka. Mwezi Machi mwaka 1960 ndege ya Jeshi la Anga la Uingereza iliruka hadi Bario, kijiji cha milimani huko Sarawak katika kisiwa cha Borneo, ikadondosha kwa miavuli mizigo mbalimbali, na ndani yake walikuwamo paka zaidi ya 20 wa kupambana na panya. Wasimulizi wameitia chumvi habari hiyo mpaka paka wakafika maelfu. Tukiiondoa chumvi, kinachobaki kinatosha: binadamu aliondoa adui mmoja, na kule alikoondolewa paka ikabidi paka mwingine aletwe kwa ndege.

Mwaka 1962 Rachel Carson wa Marekani akachapa kitabu chake, Silent Spring, akieleza jinsi ndege wa bustanini walivyokufa baada ya kula minyoo iliyokuwa imekula majani yaliyopuliziwa DDT. Wenye viwanda walimshambulia. Mwaka 1972 Marekani ikapiga marufuku matumizi karibu yote ya DDT. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ukaifunga duniani, isipokuwa kwa kupambana na wadudu waenezao magonjwa. Tangu Müller hadi marufuku ya Marekani ni miaka 33. Paka hawakuhitaji miaka 33 kulijua jambo hilo.

Damu isiyoganda

Sasa nije kwenye chambo cha panya, ambacho hakikosekani katika nyumba yenye bustani. Historia yake inaanza na ng'ombe. Katika miaka ya 1920, wafugaji wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walianza kupoteza ng'ombe kwa namna ya ajabu. Jeraha dogo tu, na ng'ombe anavuja damu hadi anakufa. Daktari wa mifugo Frank Schofield akaonyesha kwamba chanzo ni majani ya malisho yaliyokuwa yameota ukungu ghalani.

Mwezi Februari 1933, katikati ya dhoruba ya theluji, mfugaji mmoja wa Wisconsin alipakia garini ndama jike aliyekufa, kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda, na mzigo wa majani yaliyooza. Akaendesha kilomita zipatazo 300 kutafuta msaada, akaishia katika maabara ya mwanakemia Karl Paul Link. Kazi iliyofuata ilichukua miaka. Mwaka 1940 Link na wasaidizi wake walikuwa wamekwisha kuijua kemikali iliyomo, na mwaka 1948 ndugu yake mwenye nguvu zaidi akaingia sokoni kama sumu ya panya. Akaitwa warfarini. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya binadamu wenye damu inayoganda ovyo, na mpaka sasa hospitali zinaitumia.

Ubora wa warfarini kwa muuaji wa panya ni kwamba haina haraka. Panya hula leo, kesho yuko mzima, wenzake hawashtuki, wanaendelea kula. Siku kadhaa baadaye damu inavuja ndani kwa ndani. Lakini polepole hiyo hiyo ndiyo inayomdanganya mwenye mbwa. Mbwa amelamba chambo Jumatatu, Ijumaa amelegea, fizi zimepauka, anakohoa damu, na mwenye nyumba hakumbuki tena habari ya Jumatatu.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1958, huko Scotland, walipatikana panya wasiodhurika na warfarini. Viwanda vikajibu kwa kutoa sumu za kizazi cha pili, kama vile brodifakumu, ambazo mlo mmoja unatosha kuua, nazo hukaa katika ini kwa miezi. Hapo ndipo paka alipoingia hatarini. Panya aliyekula sumu hutembea kwa kuyumba, ni rahisi kumkamata, na paka hufanya kazi ile ile tuliyomwekea nyumbani. Anamkamata, anamla, anakula na kilichomo. Bundi naye vivyo hivyo. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika habari hii panya ndiye mchuma janga, na wa kwao ni paka wetu.

Dawa ya sumu hii ipo, nayo ni vitamini K, ambayo daktari wa mifugo humpa mnyama kwa majuma kadhaa. Ila daktari hawezi kuitoa kama hajaambiwa alichokula mnyama.

Konokono, mifupa na mbarika

Zipo sumu nyingine ambazo hazifanani kabisa na sumu. Katika miaka ya 1930 watu waligundua, kwa bahati tu, kwamba vidonge vya kuwashia majiko madogo ya safari vinaua konokono na makoa. Kemikali yake inaitwa metaldehaidi. Wenye viwanda wakaichanganya na pumba za nafaka ili konokono avutiwe. Chenga hizo zikawa silaha ya kila mwenye bustani ya mboga. Bahati mbaya pumba humvutia mbwa pia, na chenga zenyewe zinafanana na chakula chake cha dukani. Mbwa akizila, katika muda mfupi hutetemeka, joto la mwili hupanda kupita kiasi, na degedege humshika. Haina dawa maalum ya kuipinga. Daktari hutuliza degedege, hupoza mwili, na kusubiri. Kule Uingereza serikali ilitangaza marufuku mwaka 2018, ikapingwa mahakamani, ikatangazwa tena mwaka 2020, na tangu mwisho wa Machi 2022 matumizi yake nje ya nyumba hayaruhusiwi tena.

Mbolea nazo zina mambo yake. Unga wa mifupa na unga wa damu ni mbolea nzuri ya waridi, na kwa mbwa ni karamu. Akiula mwingi huganda tumboni kama saruji. Maganda ya kakao, ambayo Wazungu huyatandaza chini ya maua, yana kemikali ile ile iliyomo katika chokoleti, na mwili wa mbwa huchelewa mno kuitoa.

La kuogopwa zaidi ni mashudu ya mbarika, au mbono kama wengine wanavyouita. Mbarika ukikamuliwa, mafuta hutoka salama, lakini risini, sumu kali iliyomo ndani ya mbegu, hubaki kwenye mashudu. Ni risini hiyo ambayo wachunguzi waliamini kuwa ilimuua mwandishi wa Kibulgaria Georgi Markov, aliyechomwa kitu pajani akisubiri basi London mwezi Septemba 1978, akafa siku nne baadaye. Mashudu yakipashwa moto vya kutosha risini huharibika. Yasipopashwa, kisha yakachanganywa na unga wa mifupa na kuuzwa kama mbolea ya asili, mbwa anafukua shimo la mwaridi kwa furaha na kula kifo chake. Neno "asili" kwenye mfuko halina maana ya "salama". Risini nayo ni ya asili.

Kutoka shambani hadi mtaani

Nimeziacha mwisho zile kali kuliko zote. Katika miaka ya 1930, Gerhard Schrader, mwanakemia wa Ujerumani, alikuwa akitafuta dawa mpya za wadudu. Mwaka 1936 alichokipata kilikuwa kikali mno hata kikachukuliwa na jeshi: gesi ya tabuni. Dawa nyingi za mashambani zilizofuata baada ya vita ni za ukoo huo. Zinafanya kazi kwa kuziba kimeng'enya kinachozima ishara za neva. Mdudu anacho kimeng'enya hicho, mbwa anacho, na mimi na wewe tunacho. Mnyama hutokwa mate na machozi, mboni zinasinyaa, misuli inacheza, pumzi inakatika. Akiwahishwa, daktari humchoma atropini.

Kabofurani, ambayo ni ya ukoo wa jirani lakini huua kwa njia ile ile, iliuzwa Kenya kwa jina la Furadan. Chembe yake moja iliweza kumuua ndege mdogo. Wafugaji waliochoshwa na simba walianza kuinyunyiza juu ya mizoga, wakafa simba, fisi na tai kwa pamoja. Mwaka 2009, baada ya televisheni ya Marekani ya CBS kuonyesha habari hiyo, kampuni ya FMC ikatangaza kuiondoa Kenya na kununua tena iliyobaki madukani.

Huko Afrika Kusini, dawa ya mashambani iitwayo aldikabu ilipewa na watu wa mitaani jina la "hatua mbili", kwa sababu mbwa akiila haendi zaidi ya hapo. Wezi waliitumia kuwaondoa mbwa walinzi. Serikali ikaipiga marufuku mwaka 2012. Lakini panya walikuwa bado wapo mitaani, na wauzaji wakawa na terbufosi, sumu nyingine ya mashambani, iliyofungwa katika vifuko vidogo. Mwezi Oktoba 2024 watoto sita walikufa katika mtaa wa Naledi, Soweto. Uchunguzi wa serikali ukaikuta terbufosi.

Ndugu msikilizaji, hiyo ndiyo foleni niliyoitaja mwanzo. Alitangulia mbwa, akafuata mtoto. Wote wawili hucheza chini, huweka vitu mdomoni, na hawajui kusoma.

Pipa la Bradford liko Kariakoo

Sasa turudi kwetu. Pita Kariakoo, au mtaa wowote wenye pilikapilika, utasikia kipaza sauti kikiimba: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, viroboto! Nimesimama mara nyingi mbele ya meza hizo. Vipo vifuko vyenye lebo. Vipo pia vifuko vya nailoni vilivyofungwa fundo, na chupa ndogo za maji zilizojazwa kimiminika cheupe kama maziwa. Ukiuliza ni dawa gani, unajibiwa "ni kiboko". Ukiuliza mbwa akila itakuwaje, unachekwa.

Simlaumu kijana anayetafuta riziki. Nasema tu kwamba lile pipa la mwaka 1858 bado liko kati yetu. Sheria ya Uingereza ya 1851 ilitambua kwamba sumu isiyotambulika kwa macho haifai kupita mikononi mwa watu. Sisi leo tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao yake Arusha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kenya wana bodi yao ya kudhibiti dawa hizo. Dawa iliyosajiliwa ina lebo, na chini ya lebo kuna mkanda wa rangi. Nyekundu ni ya hatari zaidi, hufuata njano, kisha bluu, kisha kijani. Anayemimina dawa hiyo katika chupa ya maji amefuta kazi yote ya karne moja na nusu kwa dakika moja.

Kwa hiyo ninawaomba mambo machache yanayowezekana hata kwa mwenye uani wa hatua kumi. Usinunue dawa isiyo na lebo, hata ikiwa bei yake ni ya kutupa. Usihamishie dawa katika chupa ya soda au kopo la kahawa. Iweke juu, mahali penye kufuli, si chini ya karo la jikoni. Ukinyunyiza, mfungie mbwa na paka mpaka pakauke kabisa. Chambo cha panya kiwekwe ndani ya boksi lenye tundu la panya peke yake, na panya aliyekufa aokotwe na kufukiwa kwa kina, asiachwe jalalani. Dawa ya viroboto ya mbwa isipakwe paka, hata nusu yake, hata robo yake.

Na ikiwa mnyama amekwisha kuila, usimmiminie mafuta ya kula wala maziwa kooni. Maziwa hayaui sumu kama wengi tunavyoamini, na mafuta huweza kusaidia baadhi ya sumu kuingia mwilini kwa haraka zaidi. Usimlazimishe kutapika bila kuagizwa na mtaalamu. Kama dawa imemmwagikia mwilini, mwoshe kwa maji na sabuni laini, ukiwa umevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo, na mkononi mwako uchukue kifuko, chupa au lebo ya alichokula. Karatasi hiyo ndogo ndiyo itakayomwambia daktari kama achome atropini, atoe vitamini K, au apoze mwili.

Jioni ya leo, kabla hujafunga geti, nenda uani na tochi. Tazama nyuma ya pipa la maji, juu ya dirisha la stoo, chini ya ndoo iliyopinduliwa. Kila chupa utakayoikuta, jiulize kama mtu mwingine katika nyumba yako angeweza kujua kilichomo kwa kuitazama. Ile ambayo hata wewe mwenyewe huwezi kuitaja jina usiimwage kwenye mfereji, maana maji ya mfereji yana wanywaji wake. Ifunge vizuri, ifungie kabatini, na kesho mwulize bwana shamba wa kata yako namna ya kuiondoa.

Hadi juma lijalo, saa hii hii, nawatakia usiku mwema.